Nyumba za Bei Nafuu Nairobi kama mwajiri: nani mtaani anapata kazi?

Hukumu kwanza, kwa asiye na muda wa kusoma yote. Miradi ya kuondoa mabanda na kujenga ghorofa inaleta kazi kwa wakazi. Simama kwenye lango la mjengo Mukuru au Kibera saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utaona vijana wenye buti zilizokaukiwa na saruji wakisubiri, na utaona baadhi yao wakiitwa ndani. Lakini kazi zinazowafikia wakazi ni za siku chache, nyingi ziko chini kabisa ya ngazi ya ujira, na huhesabiwa kwa vichwa badala ya kwa siku. Kama huduma ya ajira kwa mtaa wenyewe, tunaupa Mpango wa Nyumba za Bei Nafuu alama mbili kati ya tano. Tunapandisha hadi tatu pale mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo, wanapopewa milango na madirisha na kulipwa kwa wakati. Chini ni sababu, pamoja na maelekezo kwa yule ambaye mradi umeshafika mlangoni pake.

Tunachokipima

Uboreshaji wa mitaa ya mabanda haukuanza jana. Mpango wa KENSUP, ule wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulizinduliwa Kibera mwaka 2004 kwa kushirikiana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Nyumba 600 za kuhamishia watu kwa muda zilijengwa Lang'ata, na familia za kwanza zikahamia Septemba 2009. Ujenzi wa Soweto Mashariki ndani ya Kibera, eneo A, ukaanza 2012, na mwaka 2016 zikakabidhiwa nyumba 822 pamoja na vibanda 245 vya biashara. Sasa kazi imepanuka sana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hukatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi kilekile. Huko Soweto Mashariki eneo B zinajengwa nyumba zaidi ya 4,000. Mukuru zimepangwa 13,248, na 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mei 2025.

Mkazi wa mitaa hii ameingizwa katika mradi kwa njia tatu kwa wakati mmoja: anakatwa ushuru, anahamishwa, na anaahidiwa kazi. Njia mbili za kwanza zina sheria, tarehe na kiasi. Ahadi ya kazi ndiyo inayobaki ya mdomo, na humo ndimo kasoro nyingi zinamozaliwa.

Vichwa si kazi

Ukiambiwa mradi umeajiri vijana 300 wa mtaa, uliza kila mmoja alifanya siku ngapi. Tufanye hesabu ya mfano. Mradi ni wa miezi 24 na mjengo hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mtu mmoja aliyefanya kazi mwanzo hadi mwisho atakuwa na siku 624. Vijana 300 waliopata wastani wa siku 40 kila mmoja wamefanya siku 12,000 kwa jumla. Gawanya 12,000 kwa 624: unapata kazi 19 za kudumu kipindi chote. Jina la kila kijana limo kwenye daftari na hakuna aliyedanganya, lakini tofauti ya 300 na 19 ndiyo tofauti ya mtaa uliopata riziki na mtaa uliopata vibarua vya kupita.

Marekani walipitia tatizo hilihili. Kifungu cha 3 cha sheria yao ya nyumba ya mwaka 1968 kinataka miradi inayofadhiliwa na serikali kuu iwape kazi watu wa kipato cha chini wanaoishi karibu. Kwa miaka mingi walipima kwa idadi ya walioajiriwa upya: asilimia 30 iwe ya kundi hilo. Mwanakandarasi aliweza kuwaandika watu kwa muda mfupi akatimiza asilimia yake. Kanuni mpya ya mwaka 2020 ikahamia kwenye saa za kazi. Mradi wa ujenzi au ukarabati unaopata zaidi ya dola 200,000 za msaada wa nyumba hupaswa kulenga asilimia 25 ya saa zote ziende kwa wafanyakazi wa kundi hilo, na asilimia 5 ya saa zote ziende kwa kundi dogo zaidi, wakiwemo wanaoishi ndani ya maili moja kutoka kwenye mradi. Ikiwa ndani ya maili hiyo hawaishi watu 5,000, duara hupanuliwa mpaka wafike 5,000.

Kipengele hicho cha duara ndicho tungekiomba Nairobi kabla ya kingine chochote, kwa sababu neno "mkazi" bila mpaka linavutika popote. London, ilipojenga uwanja wa Olimpiki ya 2012 huko Stratford, iliweka lengo kwamba asilimia 10 hadi 15 ya wafanyakazi watoke katika halmashauri jirani. Lengo likapitwa, lakini lawama ikabaki: aliyekuja kupanga chumba kwa muda kwa ajili ya kazi hiyo alihesabiwa sawa na aliyekulia pale. Mukuru hali ni hiyohiyo. Mjengo ukianza, vyumba vya jirani hujaa watu wa mjengo kutoka kaunti nyingine, na kwenye fomu wote huandika Mukuru. Hatuwalaumu, nao wanatafuta. Lakini orodha ya wakazi iandikwe siku ya kuhesabu nyumba, kabla ya kubomoa, na iwe ndiyo orodha ya kazi. Hesabu hiyo hufanywa hata hivyo kwa ajili ya kugawa nyumba. Kinachotakiwa ni kuongeza safu mbili kwenye fomu: ujuzi wa mtu na namba yake ya simu.

Ngazi ya mjengo ilivyo

Kazi za jengo la ghorofa hazilingani, na anayeahidi "kazi kwa vijana" bila kutaja hatua ya ujenzi hajasema kitu.

Hatua ya kuchimba msingi zamani ilibeba watu wengi wa mkono, yaani vibarua wasaidizi. Sasa mtambo mmoja wa kuchimba humaliza kwa siku chache kilichokuwa kibarua cha wiki nyingi. Zege nayo imebadilika. Ikichanganywa palepale kwa mashine ndogo, siku ya kumwaga slabu huhitaji kikosi kizima: wa kupakia kokoto na mchanga, wa saruji, wa maji, wa kusukuma toroli, wa kutetemesha zege na wa kusawazisha. Ikiletwa na lori tayari na kupandishwa kwa pampu, kinabaki kikosi kidogo cha kushika bomba, kutetemesha na kulainisha. Kuta ndizo zinazoamua zaidi. Jengo la mawe ya kuchonga hulisha fundi wa kupanga mawe na mtu wake wa mkono kwa miezi, kisha fundi wa plasta naye aje. Jengo la kuta za zege zinazomwagwa ndani ya fomu za alumini halina mawe, na plasta yake ni ya kupaka tu. Fomu hizo hufungwa na kikosi kilichofunzwa, ambacho mara nyingi mwanakandarasi huhama nacho kutoka mradi mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao cha maoni ya wananchi liwe hili: kuta ni za nini? Jibu lake linakuambia zaidi kuhusu kazi za mtaa kuliko hotuba yoyote. Hatusemi teknolojia ya haraka ikataliwe; nyumba nazo zinahitajika upesi. Tunasema mradi ukichagua fomu za alumini, ahadi ya kazi ihamishwe kwenye umaliziaji: vigae, rangi, mabomba, stima, milango, kabati za jikoni, kabro za nje, mifereji na miti. Huko bado mikono inahitajika, na huko ndiko kijana anajifunza ujuzi wa kuuza baadaye.

Kazi za nje zinadharauliwa bure. Barabara ya ndani ya mtaa ikimwagwa lami kwa mitambo, wakazi hubaki kushika bendera. Ikitandazwa kabro, mchanga husawazishwa kwa ubao, tofali hupangwa kwa mkono moja moja, kingo hukatwa, na kikosi cha mtaa hupata kazi ya miezi. Mifereji ya mawe ni vivyo hivyo. Kenya ina uzoefu wa kujenga barabara kwa nguvu ya watu tangu mpango wa barabara za vijijini wa mwaka 1974, basi si jambo la kubuni.

Kwa mshahara, mtu wa mkono Nairobi hupata takriban shilingi 500 hadi 800 kwa siku, na fundi 1,000 hadi 1,500, kutegemea kazi na makubaliano. Wakazi wengi huingia kwa daraja la kwanza na kutoka kwa daraja hilohilo, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuunyima mpango alama. Fundi stima hawezi kupandishwa kwa maneno kwa sababu kazi yake inadai leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Lakini kupanga vigae, kupaka rangi na kufunga chuma hufundishika kazini, endapo mkataba unamlazimisha mwanakandarasi kuwa na wanagenzi na unamlipa kwa hilo.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wanaharakati wengi huliruka. Mwanakandarasi hufanya kilichoandikwa kwenye BQ, ile hati ya vipimo na bei. Sharti la "kuwapa kipaumbele wakazi" likiwa kwenye kurasa za masharti ya jumla bila bei, halimgharimu akiliacha wala halimlipi akilitimiza. Likiwekwa ndani ya BQ kama kipengele chenye kipimo, kwa mfano wanagenzi 20 wa mtaa kwa miezi 12, vifaa vyao na ada ya mtihani wao, basi linakaguliwa kila hati ya malipo inapoandaliwa: hakuna wanagenzi, hakuna pesa ya kipengele hicho.

Kuingia langoni

Anayetaka kazi aanze kujiandaa kabla ya mabati ya uzio kusimama. Hati zinazoulizwa ni kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF (akiba ya uzeeni), usajili wa SHA (bima ya afya), na simu yenye M-Pesa kwa jina lako mwenyewe. Hilo la mwisho huwaangusha wengi. Laini ikiwa kwa jina la ndugu, malipo hukwama, au hupitia kwa mtu wa kati anayekata chake.

Mwenye ujuzi bila cheti afanye mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Daraja la tatu ndilo la kuanzia, kisha la pili na la kwanza. Kuna pia utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, ambao sera yake ilizinduliwa 2024: fundi hupimwa kwa anachoweza kufanya bila kurudishwa darasani. Aje na ushahidi: picha za kazi zenye tarehe, barua za waliomwajiri, na awe tayari kufanya kazi mbele ya mpimaji. Baada ya hapo ajiandikishe kama fundi kwa NCA, mamlaka ya ujenzi. Mwanakandarasi anayehitaji kuonyesha kwamba watu wake wamesajiliwa atamtafuta mwenye kadi kwanza.

Ulizia ni nani anayeajiri. Kampuni kubwa iliyoshinda zabuni mara nyingi haiajiri mtu wa mkono moja kwa moja. Humpa mwanakandarasi mdogo, naye humpa kiongozi wa kikosi kandarasi ya kazi tupu, yaani vifaa ni vya kampuni na yeye analeta watu. Kijana wa mtaa huwa wa mwisho kwenye mnyororo huo. Serikali ikichelewesha hati ya malipo, kampuni humwambia mdogo asubiri, mdogo humwambia kiongozi, na Jumamosi jioni kiongozi hana cha kugawa. Dawa yake ni kudai mambo mawili yaandikwe mapema: mwanakandarasi mkuu awajibike kwa ujira wa siku wa kila aliye ndani ya uzio, na malipo yatumwe kwa simu ya mfanyakazi mwenyewe. Kazi Mtaani ya 2020, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana wa mitaa ya mabanda, ilionyesha kwamba kulipa moja kwa moja kwa simu kunawezekana hata kwa watu wengi sana. Awamu yake ya pili ililipa shilingi 455 kwa siku, na mtu alifanya siku 11 kwa mwezi. Pesa hizo zilikuwa kidogo na ujuzi uliobaki ni mdogo, lakini ziliwafikia wakaao pale hasa, jambo ambalo miradi ya ghorofa bado haijaliweza.

Kuna pia hongo ya langoni, siku ya kwanza ya ujira inayobaki kwa foremani au kwa "mkubwa wa mtaa" aliyepeleka jina. Huota pale orodha isipokuwa wazi. Majina yakibandikwa ukutani kwa chifu yakiwa na namba za zamu, na anayeitwa akiitwa kwa namba, nafasi ya kuuza kibarua hupungua sana.

Ujira unavyokatwa

Chukua mtu wa mkono wa shilingi 700 kwa siku, siku 26. Ni 18,200. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni 273. SHIF, mchango wa bima ya afya, wa asilimia 2.75 ni 500 na senti 50. NSSF ya asilimia 6 ni 1,092. Jumla ya makato ni 1,865 na senti 50, anabaki na 16,334 na senti 50. Kodi ya mapato hakatwi kwa sababu yuko chini ya 24,000 kwa mwezi. Ukikatwa zaidi ya hapo, uliza kwa nini. Ukikatwa hivyo kisha ukaangalia NSSF na SHA usione kitu, pesa zako hazikufika. Buti, kofia na fulana ya kuakisi si za kukatwa kwenye mshahara: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila malipo.

Sheria ya Ajira ya 2007 ina vifungu ambavyo kibarua akivijua hasukumwi ovyo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa jumla haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, hachukuliwi tena kama wa kutwa. Ana haki ya notisi na ya mapumziko. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Ndiyo maana baadhi ya vikosi huachishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha huitwa tena. Weka daftari lako la siku, tarehe, kazi uliyofanya na jina la foremani. Mahakamani na kwa afisa wa kazi, daftari la mkono lenye tarehe lina uzito mwajiri anaposhindwa kuonyesha lake.

Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyohiyo na uweke ushahidi wa kumwambia, hata kama ni ujumbe wa simu. Anapaswa kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7, na dai la fidia chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, hupelekwa ndani ya miezi 12. Kibarua naye analindwa. Asikubali kuambiwa fidia ni ya wenye mkataba mrefu tu.

Milango ya jua kali: sehemu bora ya mpango

Hapa ndipo tulipotoa alama ya tatu, na ni sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini. Serikali ilitangaza kwamba milango, madirisha na bawaba za nyumba hizi zitengenezwe na jua kali, na Mamlaka ya Biashara Ndogo, MSEA, ikaingia kuwaunganisha mafundi na zabuni. Faida yake iko wazi: karakana ya Gikomba au Kamukunji haifungwi jengo likikamilika. Mashine iliyonunuliwa kwa oda ya kwanza hubaki na kufanya kazi nyingine, na mwanagenzi aliyeajiriwa hubaki na ujuzi.

Yanayoharibika ni matatu. La kwanza ni vipimo. Mlango wa kawaida wa milimita 900 kwa 2,100 uliotengenezwa na karakana kumi tofauti hutoka kwa vipimo kumi, na fremu iliyokwisha kujengewa ukutani haisogei. Kundi la mafundi lichonge jigi moja ya chuma, yaani kiolezo cha vipimo, kila karakana ipewe nakala yake iliyopimwa, na mtu mmoja akague kila mlango kabla haujapakiwa kwenye lori. Mlango uliokataliwa ghorofa ya saba unagharimu mara mbili, kwa kuwa kuna wa kuushusha pia.

La pili ni mbao mbichi. Saipresi iliyotoka shambani ikapasuliwa na kuunganishwa wiki hiyohiyo itajikunja ikishafungwa ndani ya nyumba kavu. Mbao ya mlango ifike unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Kipimo cha unyevu ni kidogo cha mkononi, na kundi likinunua kimoja kitajilipa kwa oda ya kwanza. Mbao zipangwe chini ya paa, vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite, na ziachwe hapo mpaka kipimo kikubali. Oda yenye muda mfupi kuliko muda wa kukausha isikubaliwe bila mbao kavu tayari stooni.

La tatu, na ndilo linaloua makundi, ni pesa ya kuzungusha. Tuseme oda ni ya milango 200 na vifaa vya kila mmoja ni shilingi 6,000. Kundi linahitaji milioni 1.2 kabla ya kuona senti. Malipo yakichukua siku 90, kundi lenye mkopo wa riba ya kila mwezi limekula faida yake yote. Masharti ya kuomba ni matatu: malipo ya awali ya vifaa, kupokelewa kwa mafungu ya milango 50 ambapo kila fungu linalipwa peke yake, na tarehe ya mwisho ya malipo kwenye hati ya oda. Mkopo kwa dhamana ya oda upo kwenye mifuko ya umma ya vijana na wanawake, ila hati zikiwa hazijakamilika haupatikani. Kundi linalotaka kuingia kwenye AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za umma inayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lazima wanachama wasiopungua asilimia 70 wawe wa kundi lengwa na viongozi wote wawe wa kundi hilo. Cheti cha kulipa kodi kiwe hai, na ankara itoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ankara ya kitabu cha dukani itarudishwa, na siku za kusubiri zitaanza kuhesabiwa upya.

Kuna kifungu kingine kinachosahaulika: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti itengwe kwa wakazi wa kaunti hiyo. Kaunti inapojenga mifereji, soko au taa kando ya mradi wa nyumba, hapo ndipo pa kukiulizia.

Kazi zilizokuwepo kabla

Tathmini ya ajira isiyohesabu kazi zilizobomolewa ni nusu ya hesabu. Mtaa wa mabanda ni mahali pa kulala na pia ni mahali pa kazi. Mama wa mandazi anauzia mlangoni pake. Fundi cherehani ana mashine kwenye chumba kilekile anacholala. Kuna mwenye tangi la maji, kinyozi, mchomaji vyuma, mwenye chumba kimoja cha kupangisha, na kikundi cha vijana kinachozoa taka kwa ada ya kila nyumba. Vibanda 245 vya Soweto Mashariki ni vizuri, na ni mpango wa zamani uliofikiria biashara kuliko miradi mingi. Lakini kibanda kimoja hakimrudishii kazi kila aliyekuwa akiuza mlangoni. Anayehamia ghorofa ya sita hapotezi tu mlango unaopitiwa na watu; ngazi zenyewe zinampunguzia wateja.

Kinachopuuzwa zaidi ni kipindi cha katikati. Mteja wa mama wa mandazi ni jirani, na jirani akihamishiwa mtaa mwingine kwa miaka ya ujenzi, biashara imekufa hata kama kibanda kipya kitamsubiri. Mradi mzuri humpa mama huyo haki ya kuuza chakula ndani ya mjengo. Watu wa mjengo hula kila siku. Chapati na maharagwe ya saa saba mchana ni soko la uhakika. Mradi ukitenga kibanda chenye maji ya kunawa na meko, ukakipangia zamu kwa akina mama waliohesabiwa kabla ya kubomoa, umelinda kazi bila kutumia pesa nyingi. Mahali pengi huachiwa mtu mmoja anayejuana na ofisi.

Baada ya kukabidhi, kazi za kudumu ni chache ila ni za kweli: usafi, ulinzi, utunzaji wa bustani, taka, mabomba yanayovuja, pampu za maji. Zikipewa kampuni ya nje kwa zabuni moja kubwa, kikundi kilichozoa taka za mtaa huo kwa miaka hufutwa siku moja. Zabuni hiyo ikatwe vipande kwa kila jumba, na ushirika wa wakazi upewe nafasi ya kuomba. Soweto Mashariki tayari wakazi walitakiwa kuunda ushirika wa kuweka akiba ili wapate nyumba. Chombo kipo, kina akaunti, na kingeweza kuajiri.

Ya kuuliza kabla hamjahama

Kwenye kikao cha maoni, maswali yaandikwe, yasomwe, na majibu yaingie kwenye kumbukumbu zilizotiwa saini. Mkazi ni nani na duara lake linaishia wapi? Ni siku ngapi za kazi, badala ya watu wangapi, zimetengwa kwa walio ndani ya duara, na je, zimo kwenye BQ? Nani atabandika kila mwezi jumla ya siku hizo kwa chifu, zikitenganishwa za mkono na za ufundi? Mwanakandarasi wa kigeni ametaja kampuni zipi za nchini atakazozipa ile asilimia 30 ya kazi ambayo kanuni za NCA zinamtaka aitoe? Milango inatoka wapi, na inalipwa baada ya siku ngapi? Jibu likiwa "tutaangalia baadaye", liandikwe hivyohivyo pamoja na jina la aliyelitoa.

Kwa aliyekwisha kuingia kazini, siku ya kuondoka asiache hati yake nyuma. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinampa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi haki ya cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, aina ya kazi na mahali. Kidai kabla kikosi hakijavunjwa, kwa kuwa kiongozi wa kikosi akishahamia mradi mwingine ni vigumu kumpata. Hakikisha kimeandika "fundi wa vigae" ikiwa ulikuwa ukipanga vigae, wala si "kibarua", maana mpimaji wa ujuzi atasoma neno hilo kabla hajatazama mikono yako.